Redio, Simu na Kitabu: Mtoto wa Rusizi Ajifunzapo Kusoma kwa Lugha Mbili

Mtu asimamaye asubuhi karibu na daraja la mpakani, Rusizi, upande wa Rwanda, husikia lugha nne, pengine tano, kabla jua halijapata ukali. Wanawake wanaovuka kwenda Bukavu na mabeseni ya mboga na samaki hupatana bei kwa Kiswahili. Wao kwa wao husemezana Kinyarwanda. Waliotoka kisiwani Nkombo kwa mtumbwi huongea Kihavu, lugha ya kwao, na dereva wa lori huweza kuulizwa jambo kwa Kifaransa akajibu kwa Kiingereza. Hata jina la mto wenyewe haliafikiani: upande huu huandikwa Rusizi, na ng'ambo ya pili huandikwa Ruzizi.

Katikati ya sauti hizo hupita mtoto wa miaka saba, mwenye daftari mkononi, aendaye shule ya msingi. Huyo ndiye anayetakiwa ajifunze kusoma. Na kwa kuwa siku hizi husemwa sana kwamba mashine ndiyo itakayomsaidia, iwe kompyuta, simu au redio, yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu: mashine gani, kwa kazi gani, na kwa lugha ipi.

Familia za askari zina sababu ya kulitazama kuliko nyingine. Mfanyabiashara huhama apendapo, lakini mwanajeshi na polisi huhamishwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Nyagatare, ambako jirani zake wengi walirudi kutoka Uganda, anaweza kujikuta Kamembe kabla hajamaliza la pili. Nyumbani baba na mama huchanganya Kinyarwanda na Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili kimezoeleka kambini na sokoni miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijapitisha, Februari 2017, sheria ya kukifanya lugha rasmi ya nchi. Shuleni kitabu cha hesabu ni cha Kiingereza. Akishindwa kusoma mpaka akafika darasa la nne, masomo yote humponyoka kwa pamoja. Hata hesabu humshinda, si kwa sababu hajui kujumlisha, bali kwa sababu hajui swali limemtaka ajumlishe.

Nyumba moja, shule tatu

Rwanda imebadili lugha ya kufundishia mara nyingi kuliko nchi jirani, na kila badiliko limeacha alama yake katika ukoo. Chini ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1978 na 1979 shule ya msingi ilikuwa ya miaka minane, na Kinyarwanda kilitumika kufundishia mpaka mwisho wake. Mwaka 1991 miaka ilirudishwa kuwa sita, Kifaransa kikashika madarasa ya juu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wakimbizi wa miaka mingi walirejea kutoka Uganda, Tanzania, Kongo na Burundi, kila kundi na lugha ya shule lililosomea, na Kiingereza kikaingia katika orodha ya lugha rasmi. Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza ndicho kitakachofundishia. Mwaka 2011 uamuzi ulirekebishwa ili madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa Kinyarwanda. Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba Kiingereza kitatumika tangu darasa la kwanza katika shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, Kinyarwanda kikibaki kuwa somo.

Maana yake ni hii. Katika nyumba moja ya Cyangugu baba mwenye umri wa miaka hamsini alisoma kwa Kinyarwanda, mdogo wake wa mwisho alisoma kwa Kifaransa, na mtoto anasoma kwa Kiingereza. Jioni mtoto afunguapo daftari chini ya taa hakuna mtu mzima aliyepitia njia ile ile. Wala mwalimu wake si lazima awe ameipitia, kwani walimu wengi waliokuwa kazini mwaka 2008 walikuwa wamefunzwa kwa Kifaransa, wakatakiwa kufundisha kwa lugha ambayo wenyewe walikuwa bado wakiisoma. Ni rahisi kuwalaumu. Aliyewahi kusimama mbele ya watoto sitini na chaki moja hawalaumu upesi.

Herufi zile zile, sauti nyingine

Kusoma hufundishwa mara moja tu. Mtoto akishatambua kwamba alama iliyo ubaoni ni sauti iliyo kinywani mwake, hahitaji kufundishwa tena ugunduzi huo kwa lugha ya pili. Hujifunza maneno mapya na desturi mpya za kuandika. Kwa sababu hiyo ni bora ugunduzi huo afanywe kwa lugha anayoisikia tangu kuzaliwa. Jambo hili halipingwi sana na wataalamu. Linalowasumbua wazazi ni hofu kwamba saa ya Kinyarwanda ni saa iliyoibwa kutoka kwa Kiingereza. Hofu hiyo ni ya bure.

Kinyarwanda, kama Kiswahili, hufungia silabi zake kwa irabu, na irabu zake tano husomwa kila mahali kwa sauti ile ile. Mtoto akijua ba, be, bi, bo, bu, amepata ufunguo wa milango mingi. Yapo magumu: makundi ya konsonanti kama "mpw" na "shyw" humtoa jasho, na herufi "c" huwa na sauti ambayo Mswahili huiandika "ch", kama lilivyo jina la Cyangugu lenyewe. Tena yapo maneno yaandikwayo sawa na kutamkwa mbali mbali. "Umuryango" ni mlango, na "umuryango" ni jamaa wa nyumba moja. Herufi hazitofautiani hata moja, masikio ndiyo yanayoamua.

Sasa mtoto huyo huyo akiingia katika somo la Kiingereza, huambiwa kwamba herufi aliyoizoea kuwa "a" inaitwa "ei", kwamba "e" inaitwa "ii", na "i" inaitwa "ai". Mwalimu akitaja "ii", mkono wa mtoto huandika "i", na kwa hakika hakukosa, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa saa moja iliyopita. Kisha sauti za "l" na "r", ambazo Kinyarwanda hakizitenganishi kama Kiingereza kinavyofanya, humchanganya mpaka mchele na chawa vikawa kitu kimoja katika sentensi. Hapo ndipo mwalimu ambaye yeye mwenyewe hana hakika ya matamshi anapohitaji msaada. Anahitaji sauti ya kuaminika, itakayorudiwa bila kuchoka. Ikiwa mashine ina nafasi darasani, nafasi yake ya kwanza ni hapo.

Kompyuta za kijani

Mashine iliyofika Rwanda kwa kishindo haikuwa ya sauti. Novemba 2005, katika mkutano mkuu wa dunia juu ya habari uliofanyika Tunis, Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alionyesha kompyuta ndogo ya watoto akiwa pamoja na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Mfano ule ulikuwa na mpini wa kuzungusha ili upate umeme. Annan alipoushika ulimkatikia mkononi. Mpini ukaachwa, mradi ukaendelea. Kompyuta zilizotengenezwa hatimaye zilikuwa za rangi ya kijani na nyeupe, zenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, vitufe vilivyofunikwa mpira ili vumbi na maji visipenye, na kioo kisomekacho hata juani.

Rwanda ilizipokea kuanzia mwaka 2008, na katika miaka michache ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele katika Afrika kwa wingi wake, zaidi ya 200,000. Watoto walizipenda. Walijifunza kuchora, kupiga picha na kuandika majina yao. Lakini shule nyingi za vijijini wakati huo hazikuwa na umeme, na kompyuta ambayo betri yake imekwisha haina faida kuliko kibao cha slate, ambacho angalau hufutika. Shule zilizokuwa nao zilikuwa na hofu ya wizi. Mwalimu aliyekabidhiwa mashine hamsini na kuambiwa atalipa itakayopotea huziweka penye usalama, na mahali salama kuliko pote ni stoo yenye kufuli. Yeyote ambaye amewahi kusaini daftari la vifaa vya serikali, awe mwalimu au askari wa ghala la silaha, anaielewa akili hiyo.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyosemwa sana. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kuongozwa na mashine inayomwandikia maagizo, tena kwa lugha ngeni. Peru, nchi ya Amerika ya Kusini iliyogawa kompyuta hizo kwa wingi kuliko zote, ilifanyiwa uchunguzi na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 hayakuonyesha kwamba watoto waliozipata waliwazidi wenzao katika lugha au hesabu. Rwanda yenyewe haikuiacha njia ya kompyuta. Ilibadili mwendo wake. Kuanzia mwaka 2015 kompyuta za kampuni ya Positivo BGH ziliunganishwa Kigali, na mkazo ukawekwa kwenye vyumba maalumu vya masomo vyenye vifaa vya pamoja, hasa katika shule za sekondari, ambako mwanafunzi amekwisha jua kusoma.

Redio inayonyamaza

Njia nyingine ilikuwa ya zamani na ya bei nafuu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Siri haikuwa redio peke yake. Siri ilikuwa kikundi, kijitabu na mtu wa kuwaongoza.

Kenya ililileta wazo karibu na hilo darasani. Kati ya mwaka 1980 na 1985 uliendeshwa mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za vijijini, ambako watoto walikuja na lugha za mama zao. Kipindi kilichukua nusu saa. Sauti ya redioni iliuliza, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache. Watoto wote wakajibu kwa pamoja. Redio ikataja jibu lililo sahihi na kuendelea. Mtoto alijibu mara nyingi katika nusu saa hiyo, wakati ambapo katika darasa la kawaida lenye watoto sitini huweza kumaliza wiki bila kufungua kinywa. Waliosomeshwa hivyo walionekana kuwazidi wenzao, zaidi katika kusikiliza na kuelewa. Zanzibar nayo, tangu mwaka 2006, ilikuwa na vipindi vya namna hiyo kwa watoto wadogo chini ya jina la Tucheze Tujifunze, vikiwafikia hata wale wa vijiji visivyokuwa na shule ya chekechea karibu.

Kwa milima ya Rwanda matangazo ya redio yana kasoro zake. Mawimbi huzuiwa na kilima. Kipindi cha saa tatu hakimngoji mwalimu aliyechelewa. Na pale shule igawanywapo zamu mbili, kundi la mchana hukikosa. Kwa sababu hizo mradi uliojulikana kwa kifupi kama L3, ulioendeshwa kati ya mwaka 2011 na 2016 kwa fedha za Marekani pamoja na Bodi ya Elimu ya Rwanda, ulichukua mtindo ule ule wa kuuliza na kunyamaza, ukautia ndani ya simu ya mkononi. Masomo ya Kinyarwanda, Kiingereza na hesabu ya madarasa manne ya kwanza yalirekodiwa katika kadi ndogo isiyozidi ukucha, simu ikaunganishwa na spika, na mwalimu akapewa kitabu cha mwongozo pamoja na vitabu vya watoto.

Tofauti kati ya chombo hiki na kompyuta ya kijani yafaa ieleweke. Simu mwalimu aliijua tayari. Hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kuiwasha. Ilitosha moja kwa darasa zima. Kuichaji ni kazi ambayo kijiji chochote kimekwisha itafutia njia. Mwalimu aliweza kuisimamisha, kurudia, na kueleza kwa Kinyarwanda neno la Kiingereza lililowashinda watoto. Tena yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza pamoja nao, na bila kuaibishwa mbele ya mtu alirekebisha matamshi yake kidogo kidogo. Hilo la mwisho huenda ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko yote.

Haikukosa matatizo. Katika Rusizi mvua za masika na vuli huteremka kutoka upande wa Nyungwe kwa nguvu, na mvua ikianza kupiga bati, spika ndogo haisikiki hata meza ya mbele. Huko Bugarama, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, ambako ni pa chini kuliko mahali popote nchini, joto la mchana huwalaza watoto kabla betri haijalala. Na kwa mtoto wa Nkombo lugha zote mbili za kadi ile zilikuwa za kuazima, kwa kuwa aliyoinyonya ni Kihavu. Mwalimu wake alihitaji kuanza kwa mazungumzo, kwa picha na kwa nyimbo za mchezo, kabla ya kubonyeza kitufe.

Mradi wa fedha za nje una mwisho wake. Baada ya L3 ulikuja wa Soma Umenye, uliokazia vitabu vya Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya kwanza. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada lililogharimia kazi hizo. Kadi huharibika, simu huvunjika. Kinachobaki ni mwalimu aliyejifunza kuuliza na kungoja jibu, na wale wanaofunzwa sasa katika vyuo, kama hicho cha Mururu kilichomo humu humu Rusizi, hawana haja ya betri ili kuijua kazi hiyo.

Kuhusu redio, wazazi wa Rwanda hawahitaji kukumbushwa kwamba chombo hakina moyo. Mwaka 1994 kituo cha RTLM kilitumia sauti nzuri na muziki wa kupendeza kuchochea mauaji. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya ugonjwa wa korona, redio hiyo hiyo ya mezani ndiyo iliyowaletea watoto masomo mpaka madarasa yalipoanza kufunguliwa tena Novemba. Kwa miezi ile mama wengi waligundua jambo ambalo hawakulijua: kwamba mtoto wao wa darasa la tatu alikuwa akikariri ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja. Kitabu kilipogeuzwa juu chini, aliendelea vile vile.

Kazi ya nyumbani

Jaribio hilo la kugeuza kitabu laweza kufanywa leo jioni katika nyumba yoyote, nalo halina gharama. Lingine ni kuandika kwenye karatasi maneno matatu ya Kinyarwanda ambayo hayamo katika kitabu cha mtoto, kwa mfano jina la mbuzi wake, na kumwomba ayasome. Akiyasoma, anajua kusoma, na Kiingereza chake kitafuata. Asipoyasoma, kumtafutia masomo ya ziada ya Kiingereza ni kupaka rangi ukuta usiojengwa.

Simu ambayo imekwisha kuwa ndani ya nyumba yatosha kwa mengi. Mama au dada mkubwa na ajirekodi akisoma polepole ukurasa mmoja wa kitabu cha shule, akitua mwisho wa kila sentensi muda wa kutosha mtoto kuirudia. Mtoto asikilize huku kidole kikipita chini ya maneno. Kidole ni lazima. Bila kidole anasikiliza hadithi tu, jambo jema lakini si kusoma. Dakika kumi kila jioni zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi. Asiyejua kusoma vizuri naye asijione hana nafasi: hadithi ya bibi iliyosimuliwa kwa Kinyarwanda, Kihavu au Kiswahili humpa mtoto maneno, na mtoto mwenye maneno mengi hukisia upesi neno lililo mbele yake kitabuni.

Kwa baba aliye mbali, Sudani ya Kusini, Afrika ya Kati au Cabo Delgado, ambako majeshi ya Rwanda yamekuwapo tangu Julai 2021, njia ni ile ile. Kabla ya kuondoka na achukue, au apige picha, kurasa chache za kitabu cha mtoto. Akiwa zamu ya mapumziko asome na kutuma sauti yake. Mtoto huwa na hamu ya kusikiliza mara kumi sauti ya baba yake, na hiyo mara ya kumi ndiyo inayofundisha. Ajihadhari tu asitaje mahali alipo wala kazi anayoifanya. Hadithi ya sungura yatosha.

Simu yenyewe itiwe kadi ya masomo peke yake wakati wa kusoma, na data izimwe, kwa kuwa mtoto aachwapo na simu iliyo wazi hurudi kwenye katuni kabla maji ya chai hayajachemka. Spika iwekwe mezani mbali na jiko, kwani moshi na unga huiua upesi. Na mtoto ahamapo shule, baba akipata uhamisho, kitu cha kwanza cha kumwuliza mwalimu mpya si karo wala sare. Ni hiki: watoto wako wamefika ukurasa wa ngapi katika kitabu cha Kinyarwanda?